Ukuta wa Tumbo la Mfanyi Kazi



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za nyumba, na za wakubwa wasiosikia. Leo twaomba nafasi tuseme habari za tumbo. Si tumbo la njaa, maana hilo limekwisha semwa mara nyingi. Twasema ule ukuta wa mbele wa tumbo, toka mbavuni mpaka kinenani, ambao kila mmoja wetu huutegemea anapoinua taruma, na ambao ukitoboka watu husema fulani ana ngiri. Wengine husema ana mshipa. Wengine hawasemi kitu, na hao ndio waliotufanya tushike kalamu.

Sisi tunaoandika ni watu wa genge la njia. Mwaka 2022 tulikuwa tunabadilisha mataruma mahali penye kona, mbali sana na barabara ya lami. Mwenzetu mmoja, mtu wa nguvu asiyejua uvivu, aliweka mtaimbo chini, akaketi juu ya reli, akajishika kinena cha kulia. Tulimcheka. Ni kweli tulimcheka, na hatuoni fahari kulisema. Baada ya muda kidogo akaanza kutapika. Tulipomlegeza ukanda tukaona kwamba ndani ya suruali amejifunga mpira wa ndani wa baiskeli, umekunjwa mara tatu, na chini ya mpira huo uvimbe mkubwa kama ngumi, mgumu, hausukumiki.

Ndipo aliposema. Uvimbe huo alikuwa nao tangu miaka miwili. Kila asubuhi alilala chali, akaurudisha ndani kwa vidole, akajifunga mpira, akaja kazini. Hakumwambia mtu kwa sababu mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita, na alikuwa amewaona watu waliokutwa na ila katika kupimwa wakiambiwa wangoje kuitwa, wasiitwe tena.

Tulimpeleka kwa toroli mpaka stesheni, toka stesheni kwa gari la mtu, tukafika hospitali usiku. Akapasuliwa usiku ule ule. Kipande cha utumbo kilichokuwa kimebanwa katika tundu kilikuwa kimekwisha kufa, kikakatwa. Mwenzetu alipona. Mkataba wake ulipokwisha hakupewa mwingine.

Siku tulipokwenda kumtazama, daktari aliyempasua alitukuta watu wanne tumesimama kando ya kitanda tumeshika kofia zetu. Tukamwuliza: Bwana Daktari, je, ni taruma lililomtoboa huyu? Hakujibu kwa ndiyo wala siyo. Alichukua karatasi, akaigeuza nyuma, akachora. Yale aliyoyachora, pamoja na mengine tuliyoyauliza na kuyasoma baadaye, ndiyo twataka kuwaeleza, maana sisi tuliosoma shule ya misheni tulifundishwa moyo na mapafu na mifupa yote ya mkono, lakini mwalimu alipofika chini ya kitovu aligeuza ukurasa kwa haraka.

Ukuta wa tumbo hauna mfupa. Juu kuna mbavu, chini kuna nyonga, nyuma kuna uti wa mgongo. Lakini mbele, mahali panapozuia matumbo yote, ni nyama na utando tu. Tuanze ubavuni, juu ya kiuno. Chini ya ngozi pana mafuta, na chini ya mafuta pana misuli mitatu mipana, imelazwa mmoja juu ya mwingine. Msuli wa nje nyuzi zake zateremka kwenda mbele, kama vidole vya mtu anayetia mikono mifukoni mwa suruali. Msuli wa pili nyuzi zake zazikata zile za kwanza, zapanda kwenda mbele. Wa tatu nyuzi zake zimelala kama ukanda. Seremala mmoja aliyekuwa amelala kitanda cha pili akasema, “Hiyo ni plaiwudi.” Daktari akacheka akasema ndivyo hasa: ubao mmoja ungepasuka kwa kufuata nyuzi zake, lakini mbao tatu zilizopishana nyuzi hazipasuki kwa urahisi.

Nyuma ya msuli wa tatu kuna utando. Ni mwembamba lakini una nguvu, na daktari wa London, Astley Cooper, aliueleza katika vitabu vyake vya ngiri mwanzoni mwa karne ya 19. Twaomba mwukumbuke utando huu, maana tutarudi kwake. Ndani kabisa ya yote ni ngozi laini yenye unyevu iliyoyazunguka matumbo. Hiyo haina nguvu ya kuzuia kitu. Ikisukumwa hunyoka tu, ikawa mfuko, na mfuko huo ndio unaobeba ngiri.

Mbele ya tumbo mambo ni mengine. Huko ile misuli mitatu huacha kuwa nyama, hugeuka utando mgumu mweupe, nao huzunguka misuli miwili mirefu ishukayo toka kifuani mpaka mfupa wa mbele wa nyonga, kama ala inavyozunguka kisu. Tando za kulia na za kushoto hukutana katikati na kufanya mshono mweupe wa juu mpaka chini, nacho kitovu ni tundu la zamani katika mshono huo. Kitu kimoja kilitushangaza. Juu ya kitovu ala hiyo ina upande wa mbele na upande wa nyuma. Lakini chini ya kitovu, kiasi cha nusu ya njia kuelekea kinenani, tando zote huhamia mbele, na nyuma hubaki ule utando mwembamba peke yake. Daktari anayekata hapo bila kujua amevuka mpaka huo hawezi kujua vema ameshona nini na nini.

Sasa tufike kinenani, ambako ndiko shida yenyewe iliko.

Kila mtu wa njia anajua kwamba tuta la reli halibomoki mahali lilipojaa udongo mtupu. Hubomoka penye kalvati. Kalvati ni lazima, maji yapate kupita, lakini ukiisha kutoboa tuta umekwisha tengeneza mahali pa mashaka, na siku ya mvua kubwa nyapara hapeleki watu kutazama tuta zima, huwapeleka penye kalvati. Mwili wa mwanamume una kalvati mbili, ya kulia na ya kushoto. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake hazianzii mahali tunapozijua. Huanzia juu, karibu na mafigo, zikashuka polepole, na miezi ya mwisho kabla ya kuzaliwa hupenya ukuta wa tumbo hapo kinenani, zikivuta nyuma yake mishipa ya damu na mrija wa mbegu. Njia hiyo hubaki maisha yote. Ni mfereji wa kiasi cha sentimita 4, nao haukupita moja kwa moja bali kwa mshazari: mlango wake wa ndani uko juu upande wa nje, mlango wake wa nje uko karibu na mfupa. Kwa sababu ya mshazari huo, mtu akikaza tumbo kuta za mfereji hubanana, na njia hujifunga yenyewe. Chini yake kuna kano imara, imetandwa toka nyonga mpaka mfupa wa kinena kama waya wa simu, na sakafu ya mfereji yakaa juu ya kano hiyo.

Ukuta wa nyuma wa mfereji huu, sehemu kubwa yake, ni ule utando tuliowaambia mwukumbuke. Hakuna plaiwudi hapo. Misuli ya ndani hupita juu kwa upinde na kuacha pengo, na pengo hilo limezibwa na utando peke yake.

Ngiri za hapo basi ni za namna mbili. Moja hupita katika mlango wa ndani, ikafuata njia ile ile ya korodani, na kwa watu wengi mfuko wake ni ule wa tangu utotoni ambao haukuzibika sawasawa. Hiyo huweza kushuka mpaka katika mfuko wa korodani. Ya pili haifuati mlango. Husukuma utando wenyewe ulipochakaa, ikatokea mbele, nayo ni ya watu wazima zaidi. Kati ya hizo mbili hupita mishipa ya damu, nayo humwonyesha daktari ametokea upande gani: ngiri iliyo upande wa nje wa mishipa ni ya mlangoni, iliyo upande wa ndani ni ya ukutani. Halafu iko ya tatu, chini ya kano, karibu na mshipa mkubwa uendao pajani. Hiyo huwapata wanawake kuliko inavyowapata wanaume, tundu lake ni dogo na kingo zake ni ngumu, na kwa hiyo utumbo hunaswa upesi. Dada zetu wa kufagia mabehewa na wa jikoni wasidhani kwamba habari hii ni ya wanaume tu, ingawa ni kweli kwamba wanaume ndio wengi. Uingereza walihesabu wakaona kwamba zaidi ya mwanamume mmoja katika kila wanne hupasuliwa ngiri ya kinena katika maisha yake, na kwa wanawake ni kama 3 katika 100. Basi ugonjwa wa watu wengi hivyo, aibu yake ni ya nini?

Hapa tusimame kidogo kwa sababu ya lile neno mshipa. Watu wetu huliita mshipa kila jambo linalovimbisha sehemu ya chini. Lakini busha ni maji yaliyozunguka korodani, na ngiri ni utumbo ulioshuka toka tumboni. Daktari huzitenganisha kwa kupapasa, kwa kumkohoza mtu, na kwa kutazama kama vidole vyake vyaweza kufika juu ya uvimbe. Tumesikia watu vijijini wanaotoboa uvimbe kwa sindano ili maji yatoke. Mtu akitoboa ngiri kwa kudhani ni busha ametoboa utumbo.

Sasa kwa nini tumewachosha kwa misuli na tando? Kwa sababu ufundi wa kutengeneza ngiri haukufaulu mpaka watu walipoujua ukuta huu. Zamani madaktari walikata mfuko, wakafunga kile kitundu cha nje wanachokiona, na ngiri ikarudi kwa wengi. Ni kama kuziba mdomo wa kalvati kwa mawe na kuacha maji yale tuta kwa nyuma. Aliyebadilisha jambo hilo ni Mwitalia, Edoardo Bassini, aliyekuwa mwalimu wa upasuaji katika mji wa Padua. Mwaka 1867, alipokuwa askari kijana katika vita vya kuitaka Roma, alichomwa singe kinenani, akatekwa, akaugua muda mrefu. Labda ndiyo maana alipafikiria mahali hapo kuliko wengine. Hatuna ushahidi, lakini twapenda kudhani hivyo. Mwaka 1887 aliwaeleza madaktari wenzake kazi yake. Alifungua mfereji wote, akakata mpaka nyuma kwenye utando, kisha akashona tabaka tatu kwa pamoja, msuli wa pili, msuli wa tatu na utando, akazishikiza kwenye kano ya kinena. Alijenga upya ukuta wa nyuma, na kuurudisha mshazari wa njia. Kwa wagonjwa wake zaidi ya 200 ngiri zilizorudi zilikuwa kama 3 katika 100.

Kisha likatokea jambo ambalo kila fundi analijua. Wengine walichukua jina la kazi yake wakaacha kazi yenyewe. Kuukata utando na kuushona tena huchukua muda na hutaka macho, basi wakauacha, wakashona misuli tu juu yake, wakaendelea kusema wametengeneza kwa njia ya Bassini. Ngiri zikarudi. Ni sawa na foromani anayeandika katika kitabu kwamba kokoto zimeshindiliwa, na hakuna aliyeshindilia.

Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa Toronto, Kanada, Earle Shouldice, aliwapasua vijana waliokataliwa jeshini kwa sababu ya ngiri. Mwaka 1945 akafungua hospitali yake. Yeye aliurudia utando: aliukata, akaukunja upande mmoja juu ya mwingine, akaushona mistari kadhaa, na wagonjwa wake wakaamshwa mapema kutembea badala ya kulazwa majuma. Katika hospitali hiyo ngiri zinazorudi ni chache mno. Halafu toka mwaka 1984 Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles walifuata njia nyingine. Walisema kushona kwa kuvuta nyama mpaka ifike kwenye kano ndiko kunakoharibu, maana kitu kilichokazwa kupita kiasi hukata uzi. Basi wao hulaza wavu wa plastiki juu ya ukuta wa nyuma bila kuvuta kitu, na nyama huota katika matundu ya wavu huo. Njia hiyo ndiyo iliyoenea sana duniani leo, pamoja na ile ya kuingiza kamera na kuuweka wavu kwa ndani.

Na msiseme wavu ni wa matajiri. Mashariki ya Uganda, kwa majirani zetu, wanaume 302 walipasuliwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016. Nusu waliwekewa wavu wa dukani wa bei ya zaidi ya dola mia moja, nusu wakawekewa wavu wa nguo ya chandarua uliosafishwa kwa mvuke, wa kiasi cha dola moja. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa wavu wa bei nafuu, na kwa wale wengine hakuna hata mmoja. (Chandarua cha nyumbani kwako chenye dawa ya mbu kiache kitandani.) Twalitaja jambo hili kwa sababu tumechoka kuambiwa kila siku kwamba matibabu mazuri hayawezekani mpaka vije vifaa vya gharama. Katika kazi hii mkono unaoujua ukuta ndio wenye thamani, na wavu wa dola mia mikononi mwa mtu asiyejua tabaka ziko wapi hautamfaa mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo ujuzi wa ukuta hulilinda, nalo ni mishipa ya fahamu. Mitatu hupita hapo kinenani, miembamba kama uzi wa kushonea. Ukikamatwa mmoja katika mshono, mtu hupona ngiri akabaki na maumivu ya moto miezi au miaka. Kwa hiyo mwanachama anayekwenda kupasuliwa asione haya kumwuliza daktari: Ngiri yangu ni ya mlango upi? Utatumia wavu au uzi? Wewe umefanya kazi hii mara nyingi? Daktari mzuri hakasiriki. Yule wetu alifurahi.

Turudi kwa taruma. Je, ni kazi iliyomtoboa mwenzetu? Waajiri hupenda kusema, “Alikuja nayo toka nyumbani,” na sisi hupenda kusema, “Ni mzigo wenu.” Daktari alituambia kwamba mlango alizaliwa nao, na kwamba mtu mmoja huinua maisha yake yote asipate kitu, na karani asiyeinua ila kalamu akapata. Kikohozi cha sigara husukuma, choo kigumu husukuma, na wazee wanaojikamua kupata mkojo husukuma pia. Hao wapimwe na tezi yao. Lakini madaktari wa Denmark waliofuatilia wafanyi kazi wengi waliona kwamba wanaume wanaosimama na kutembea kutwa na kuinua mizigo mingi hupasuliwa zaidi ngiri ile ya mlangoni. Basi sisi hatusemi kila ngiri ni ya mwajiri. Twasema kwamba mwenye kumwinulisha mtu kutwa kucha hawezi kunawa mikono mtu huyo anapovimba. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza mwajiri kumbebesha mfanyi kazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuona mzani kazini?

Hatutaki kuwatisha. Si kila ngiri ikatwe kesho. Marekani walitangaza mwaka 2006 habari za wanaume 720 wenye ngiri zisizowasumbua sana. Wale waliongoja wakiangaliwa na daktari hawakupata hatari nyingi; waliobanwa ghafula walikuwa chini ya 2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Ingawa hivyo, zaidi ya nusu ya waliongoja walikwisha pasuliwa ndani ya miaka 10, wengi kwa sababu ya maumivu. Lakini fikirini vema: wale walikuwa wamepimwa, wanajulikana, nayo hospitali i karibu. Mtu wa genge aliye na ngiri ya siri mahali pasipofika gari, huyo hangojei kama wao. Yeye anabahatisha tu.

Sasa madai yetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyi kazi aliyemaliza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Karani aliyepasuliwa ngiri ndogo kwa utulivu zaweza kumtosha, maana siku hizi madaktari wengi humwambia mtu aanze kutembea mara moja na arudi kazini anapojisikia. Kwa mzigo mzito hawasemi kwa kinywa kimoja. Wengi humwambia mbeba mzigo akae majuma manne mpaka sita. Na aliyekatwa tumbo katikati, kama mwenzetu alivyokatwa ili utumbo wake utolewe, huyo ana mshono mrefu katika ule mstari mweupe, nao hushonwa kwa uzi wenye urefu mara 4 ya jeraha lenyewe ili usikate nyama. Mshono kama huo ukilazimishwa kabla ya wakati hutoka ngiri mpya mahali pa kisu. Siku 14 ni za nini kwa mtu huyo?

Kwa hiyo twaomba wajumbe wetu watakapokaa mezani kwa mapatano yajayo wasiseme tu “likizo ya ugonjwa iongezwe”. Waseme kwamba mtu wa mizigo aliyepasuliwa tumbo apewe muda ulioandikwa na daktari aliyempasua, si na karani. Kwamba akirudi apewe kazi nyepesi, kushika bendera au kuhesabu zana, bila kupunguziwa mshahara. Na kwamba hakuna mtu wa mkataba atakayenyimwa mkataba kwa sababu amesema ana ngiri. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Likikosekana, mpira wa baiskeli utaendelea kufanya kazi ya daktari. Tena kila mmoja atazame kama pesa zake za SHA, zile 2.75 kwa mia zinazokatwa tangu Oktoba 2024 mahali pa NHIF, zimefika kweli. Wako watu waliokatwa kila mwezi, wakafika kwenye dirisha la hospitali wakaambiwa hawamo.

Na sisi wenyewe tuna deni. Tulimcheka mwenzetu. Katika magenge yetu, mtu akisema kinena chamwuma hupewa jina la utani kabla ya jioni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini sisi ndio tunaowafanya watu waufiche.

Alama za hatari ni hizi, zikatwe zikabandikwe kambini: uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma, tumbo limevimba, mtu anatapika, hapati choo wala upepo. Hapo asingoje asubuhi, asikandwe, asipewe dawa ya kuharisha, wala mtu asiusukume kwa nguvu. Apelekwe kwa chombo chochote kilichopo, hata kwa toroli, maana utumbo uliobanwa hufa kwa saa, hauhesabu siku.

Karatasi ya daktari tumeibandika ukutani katika ofisi ya tawi, karibu na ubao wa matangazo. Imechafuka kidogo kwa mafuta lakini misuli mitatu yaonekana vizuri. Asiyejua kusoma ataelezwa na mwenzetu mwenyewe, ambaye siku hizi anauza viatu sokoni na hupita ofisini Jumamosi baada ya saa sita. Humwonyesha kovu lake mtu yeyote, hata asiyeuliza.